KENYA: BOMBA LA MAFUTA NA AFYA YA WALIO KANDO YAKE

Mwezi Julai mwaka 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Makueni, katika nchi jirani ya Kenya, ilitoa hukumu nzito dhidi ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya. Mahakama iliamuru kampuni hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa mali ya umma, iwalipe wakazi wa bonde la Thange, huko Kibwezi, fidia ya jumla ya shilingi za Kenya bilioni 3.8 kwa madhara ya mafuta yaliyovuja mwaka 2015 na kuingia katika mto wao, mashamba yao na visima vyao. Walalamikaji walizidi elfu tatu. Walikuwa wamesubiri miaka kumi.

Fedha hizo si haba, na haishangazi kwamba ndizo zilizozungumzwa zaidi mjini Nairobi. Hata hivyo, mwenye kuitazama historia ya mafuta katika Kenya ataona kwamba jambo kubwa katika shauri la Thange si hesabu ya shilingi, bali ni swali lililowekwa mbele ya jaji. Tangu bomba la Mombasa hadi Nairobi lilipoanza kazi mwaka 1978, walipodhurika watu walio kando yake, swali lililotangulia katika vinywa vya wenye madaraka lilikuwa aghalabu la ardhi: nani aliyewaruhusu kukaa hapo? Swali la afya, yaani watu hao wanavuta hewa gani na wanakunywa maji gani, lilikuja nyuma likichechemea, na mara nyingi halikufika kabisa.

Yafaa kuanza na Mombasa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru wake. Kampuni iliyokimiliki ilikuwa imeundwa mwaka 1960 na makampuni makubwa ya Shell na BP, na jina lake, East African Oil Refineries, lilidhihirisha shabaha yake: soko lote la Afrika Mashariki, Tanganyika na Uganda zikiwamo. Tanzania nayo ikajenga kiwanda chake cha TIPER huko Kigamboni mwaka 1966, na miaka miwili baadaye bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Zambia, umbali wa kilomita zipatazo 1,710. Serikali ya Kenya ilinunua nusu ya hisa za kiwanda cha Changamwe mwaka 1971. Katika miaka ile moshi wa kiwanda ulitazamwa kama bendera ya uhuru wa uchumi, na hapana sababu ya kuwacheka wazee walioutazama hivyo. Nchi changa ilihitaji mafuta kwa matrekta, kwa mabasi, kwa majenereta ya hospitali na kwa taa za vijijini. Hitaji lilikuwa la kweli.

Kilichosahauliwa ni jirani. Mitaa ya wafanyakazi ilikua kukizunguka kiwanda na matangi yake, kwa kuwa kazi ilikuwa hapo na nauli ilikuwa ghali; na mtu aliyelala karibu na matangi alivuta usiku kile ambacho mwenye gari alikichoma mchana. Hata yule aliyeishi mbali na Changamwe hakusalimika, maana petroli iliyouzwa nchini Kenya ilichanganywa risasi ili injini zisigonge. Risasi hiyo ilitoka katika mabomba ya moshi ya magari ikaingia vumbini, na kutoka vumbini ikaingia katika mikono na vinywa vya watoto, ambako huharibu akili inayokua. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwezi Juni mwaka 2001 kuiondoa risasi katika petroli, na Kenya ilitimiza jambo hilo ilipoingia mwaka 2006. Kwa zaidi ya miaka arobaini, basi, madhara haya yalimpata kila mtu, na kwa sababu yalimpata kila mtu hayakuwa na mlalamikaji.

Bomba lilikuja kwa nia njema. Kampuni ya Bomba iliundwa mwaka 1973, na miaka mitano baadaye bomba lenye kipenyo cha inchi 14 na urefu wa kilomita 450 lilianza kusukuma mafuta yaliyosafishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, likipita Maungu, Manyani, Mtito Andei, Makindu na Konza. Mwaka 1994 njia hiyo iliendelezwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Ndani ya bomba hilo moja hupita petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta ya ndege, shehena moja ikiifuata nyingine. Wateja wake hawakuwa Wakenya peke yao. Uganda, Rwanda na mashariki ya Congo zimetegemea njia hiyo kwa sehemu kubwa. Mtu wa haki hana budi kukiri kwamba bomba ni njia salama kuliko lori. Lori hupinduka, hugongana, na dereva wake husinzia.

Ukweli huo umethibitishwa kwa maiti. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka huko Sachangwan, karibu na Molo, na watu zaidi ya mia moja wakateketea walipokuwa wakichota petroli iliyomwagika. Mwezi Julai mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Sange, katika Kivu ya Kusini, ambako waliokufa walizidi mia mbili. Mwezi Juni mwaka 2013 moto kama huo uliwaka Namungoona, mjini Kampala. Wala Tanzania haina ruhusa ya kuwanyoshea wengine kidole, kwani tarehe 10 Agosti 2019 lori lilipinduka Msamvu, Morogoro, na idadi ya marehemu ikafika mia moja na ushei. Kila mara palisikika wale wanaosema kwamba watu hawa waliuawa na tamaa. Neno hilo ni jepesi mno kulitamka. Mtu ambaye lita tano za petroli ni sawa na mshahara wake wa siku mbili hapimi hatari kwa mizani ile anayotumia mtu mwenye gari. Na katika nchi zote hizi nne maiti walitoka katika tabaka lilelile.

Lakini bomba lina hatari yake ya namna nyingine, ambayo lori halina. Lori hupita likaenda zake. Bomba hukaa. Hulala chini ya ardhi miaka thelathini au arobaini, katika udongo mkavu na udongo wa maji, na chuma chake huzeeka bila kuonekana. Juu yake huachwa ukanda wa ardhi uitwao mkuza, ambao kwa sheria haupasi kujengwa wala kupandwa miti. Huo mkuza ndio uliozaa ugomvi wote uliofuata.

Mjini Nairobi, bomba linaingia katika eneo la viwanda, na hapo kando ya viwanda ndipo ilipokua mitaa ya mabanda ya Mukuru. Haikuota kama uyoga, ingawa ndivyo inavyopenda kusemwa. Viwanda vilihitaji vibarua. Vibarua walilipwa ujira usiotosha kodi ya nyumba yenye choo. Na ardhi iliyokuwa wazi karibu na lango la kiwanda ilikuwa mkuza wa bomba, mkuza wa reli na kingo za mto Ngong. Mabanda ya mabati yakajengwa hapo, na wakazi wake wakalipa kodi kila mwezi kwa wenye mabanda, wakanunua maji kwa dumu, wakapiga kura, wakahesabiwa katika sensa. Serikali iliwaona walipokuwa wapiga kura, ikaacha kuwaona walipouliza habari ya mitaro.

Kampuni iliwataka wakazi wa kijiji cha Sinai, katika Mukuru, waondoke kwenye mkuza, na kwa hoja ya usalama peke yake kampuni ilikuwa na haki. Wakazi nao walijibu kwamba hawana pa kwenda, na kwa hoja ya riziki peke yake wao pia walikuwa na haki. Katika mabishano hayo, pande zote mbili zilikuwa zikikiri jambo moja bila ya kulisema waziwazi: kwamba hapo mahali ni pa hatari. Yule aliyetaka watu waondoke alijua. Waliobaki nao walijua. Lakini kwa kuwa hatari hiyo ilikuwa imegeuzwa kuwa kesi ya kiwanja, hapana aliyeona ni wajibu wake kuipunguza wakati kesi ikiendelea. Mwenye bomba angengoja wavamizi waondoke. Mwenye mji angengoja mwenye bomba. Mkazi angengoja Mungu.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka katika mitambo ya kampuni na kuingia katika mtaro wa maji unaopita kati ya mabanda kuelekea mtoni. Watu walitoka na ndoo, madumu na masufuria. Kisha moto ukashika. Mtaro ule uliokuwa umebeba mafuta ukawa ndio njia ya moto, ukaufikisha hadi milangoni mwa watu ambao hawakuchota hata kikombe kimoja. Wengine walikimbilia mto, na mto nao ulikuwa na mafuta juu yake. Watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wapatao idadi hiyo walilazwa hospitalini kwa majeraha ya moto. Miili mingi haikuweza kutambulika kwa sura.

Yaliyosemwa baada ya moto yanastahili kukumbukwa kama moto wenyewe. Viongozi walifika, wakahuzunika, na bila shaka huzuni yao ilikuwa ya kweli. Lakini mazungumzo hayakuchukua siku nyingi kabla ya kurudi kwenye njia yake ya zamani: nani alikuwa kwenye mkuza, nani alipewa ilani, nani alikaidi. Ikaulizwa pia, na kwa haki, kwa nini mitambo ilivuja na kwa nini ilichukua muda kuzuia mafuta. Lakini ni wachache waliouliza habari ya miaka iliyotangulia. Mtoto aliyezaliwa Sinai mwaka 2000, akavuta kwa miaka kumi na moja mvuke wa petroli na moshi wa viwanda, mapafu yake yalikuwa katika hali gani siku moja kabla ya moto? Moto una faida moja mbaya: huonekana. Ugonjwa wa kifua hauna king'ora.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watu walioweza kuitwa wavamizi. Sasa yatazamwe ya Thange, maana huko jina hilo halikuweza kumkaa mtu.

Thange ni bonde la wakulima katika nchi kavu ya Ukambani, upande wa chini wa barabara kuu ya Mombasa. Mvua zake ni za kubahatisha. Kwa hiyo mto mdogo kama ule si mapambo bali ndio shamba lenyewe. Watu hulima kando yake mboga, ndizi na maembe kwa maji ya kumwagilia, hunywesha mifugo, na huchimba visima vifupi katika mchanga wake. Hawakulifuata bomba. Bomba ndilo lililowakuta, likapita katika ardhi ya wazee wao, likawaachia mkuza na ahadi kwamba litalala kimya.

Mwezi Mei mwaka 2015 ilibainika kwamba mafuta yamevuja kutoka katika bomba hilo, ambalo lilikuwa limekwisha kulala ardhini kwa miaka 37. Mafuta yalikuwa yamepenya udongo, yakafuata maji ya chini kwa chini, yakatokea mtoni na visimani. Hapa inafaa kueleza kidogo jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwa sababu ndipo ilipo siri ya shauri zima. Mafuta yaliyosafishwa ni mepesi kuliko maji. Yakizama ardhini hushuka mpaka yakutane na maji, kisha huelea juu yake na kusafiri nayo polepole, pengine kwa miezi na miaka. Mwenye kisima kilicho mbali na mahali bomba lilipotoboka anaweza kukaa salama mwaka mzima, kisha akashangaa kuona ndoo yake ina utando wenye rangi za upinde wa mvua. Ardhi ya juu ikisafishwa, bado ardhi ya chini hutoa mafuta kama sifongo lililokamuliwa nusu.

Utando huo unaoonekana, tena, sio ubaya wote. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo huyeyuka katika maji yaliyo safi kwa macho, na ambayo sayansi imethibitisha kwamba huweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu kumi za benzini katika lita moja ya maji ya kunywa, na mikrogramu moja ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Kwa kikomo hicho, lita moja ya petroli ambayo asilimia moja yake ni benzini, ikiwa benzini hiyo yote itaingia katika maji, yatosha kuharibu zaidi ya lita laki saba. Macho hayawezi kuihukumu hatari ya namna hiyo. Pua huweza kidogo. Chombo cha maabara ndicho kinachoweza, na chombo hicho hakiko mikononi mwa mkulima.

Watu wa Thange walieleza waliyoyaona: ng'ombe na mbuzi waliokufa, migomba iliyonyauka, upele na muwasho wa ngozi, vifua vinavyobana, tumbo, mimba zilizoharibika. Kampuni nayo ilileta watu na mitambo ya kusafisha, ikachimba mashimo ya kukusanyia mafuta, na maji ya kunywa yakaletwa kwa magari. Wabunge walifika, wataalamu wa mazingira wakafika, vipimo vikachukuliwa. Na hapo mabishano yakaanza upya, safari hii bila kisingizio cha kiwanja.

Hoja inayotolewa na upande wa viwanda katika mashauri ya namna hii si ya kupuuzwa. Husemwa kwamba ugonjwa una baba wengi. Maji ya chini katika sehemu nyingi za Makueni yana chumvi kwa asili yake. Ng'ombe hufa kwa ukame. Upele huletwa na mambo mia. Mimba huharibika hata pale pasipo na bomba. Je, mgonjwa huyu mmoja, aliye hapa, anaweza kuonyesha kwamba ni mafuta yaliyomwumiza? Daktari mwaminifu akiulizwa hivyo hulazimika kunyamaza, maana maradhi ya benzini huchukua miaka kujitokeza, na yakijitokeza hayaji na cheti cha kuzaliwa. Ili kujibu swali hilo ingehitajika daftari: maji ya kisima hiki yalikuwaje kabla ya bomba, watu wa kijiji hiki waliugua nini kabla ya mafuta kuvuja. Mkulima hana daftari hilo. Aliyekuwa na uwezo wa kuliandika ni yule aliyeleta bomba, na serikali iliyompa kibali. Kwa hiyo ukosefu wa ushahidi, ambao ulikuwa uzembe wa mkubwa, uligeuka kuwa ngao yake.

Ngao hiyo ilitobolewa na sheria kabla ya kutobolewa na sayansi. Kenya ilikuwa imetunga sheria ya kusimamia mazingira mwaka 1999. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na katika kifungu cha 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Kifungu hicho cha 70 kina maneno machache ambayo yaelekea hayakushangiliwa sana siku Katiba ilipozinduliwa, lakini ambayo yana thamani kuliko hotuba nyingi: mlalamikaji halazimiki kuonyesha kwamba yuko mtu aliyepata hasara au aliyeumia. Mazingira yakiwa yameharibiwa, hilo peke yake latosha kufungua mlango wa mahakama. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilianzishwa ili mashauri kama hayo yapate majaji wanaoyafahamu.

Njia ilikwisha kufunguliwa na wengine. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa makabwela huko Mombasa, walishitaki kwa ajili ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu na kuwatia sumu ya risasi watoto wao. Hayo hayakuwa mambo ya bomba la mafuta, lakini mtoto mwenye sumu damuni hatofautishi. Mwezi Julai mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2023, na mwezi Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hukumu ya Thange ikafuata baada ya miezi saba. Asiyeona uhusiano wa mambo haya mawili hataki kuona.

Haifai, hata hivyo, kuifanya hukumu ya Makueni kuwa mwisho wa safari. Ni hukumu ya ngazi ya kwanza, na juu yake ziko ngazi nyingine, kama walivyojionea watu wa Owino Uhuru. Zaidi ya hayo, fedha hugawanywa kwa majina, lakini maji yaliyo chini ya ardhi hayana majina. Kisima cha jirani aliyekosa kuandikishwa hunywa katika mkondo uleule. Wala bomba jipya si kinga kamili. Kenya ilijenga bomba la pili lenye kipenyo cha inchi 20 kuchukua nafasi ya lile la mwaka 1978, likaanza kazi mwaka 2018. Na mwezi Machi mwaka 2019 mafuta yakavuja huko Kiboko, katika Makueni ileile. Watu walewale wa nchi kavu wakaangalia tena visima vyao.

Kaskazini ya Kenya mambo yana sura nyingine. Mwaka 1988 na 1989 visima kadhaa vya kutafuta mafuta vilichimbwa katika nyika za Marsabit, karibu na jangwa la Chalbi. Mafuta ya kuuzwa hayakupatikana, na wachimbaji wakaenda zao. Wafugaji wa Kargi wakabaki na masimulizi ya mifugo kufa na watu kupata saratani ya koo, nao kwa miaka mingi wameyahusisha na taka walizoachiwa. Vipimo vya maji vya baadaye vilitaja chumvi za nitrati kwa wingi usiofaa kunywewa, lakini kati ya nitrati hiyo na wachimbaji wale bado pana pengo la ushahidi, na pengo hilo ni lilelile la daftari ambalo halikuandikwa. Katika Turkana, ambako mafuta yaligunduliwa mwezi Machi mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia, wananchi walianza mapema kuuliza habari ya mashimo ya taka, vumbi la malori na malisho yaliyozungushiwa uzio. Shehena ya kwanza ya majaribio ilisafirishwa kutoka Mombasa mwezi Agosti mwaka 2019, ikiwa imefikishwa pwani kwa malori. Maswali ya Waturkana yalitangulia shehena hiyo kwa miaka kadhaa. Hayo ni maendeleo, yakilinganishwa na Kargi.

Jambo hili linaihusu Tanzania zaidi ya ujirani wa kawaida. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika ardhi ya Tanzania, kuanzia Kagera, kupitia Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara. Mafuta yake si mepesi kama petroli iliyowafikia watu wa Sinai. Ni mazito, yenye nta, nayo hulazimika kupashwa joto njia nzima ili yasigande. Yakimwagika hayatakimbilia mbali kwa haraka. Lakini mkuza ni mkuza, na chuma ni chuma. Mazungumzo mengi katika vijiji vilivyopitiwa yamekuwa ya mashamba, fidia ya mikorosho na migomba, na makaburi yaliyohamishwa. Ni haki yawe hivyo, kwa kuwa shamba ndilo linaloondoka kwanza. Ulipoingia mwaka 2026 ujenzi ulikuwa umekwisha kupita nusu, na tone la kwanza lilikuwa bado halijatiwa ndani ya bomba. Maji ya visima vya vijiji hivyo yalikuwa bado yanaweza kupimwa, na matokeo yake kuandikwa katika daftari la kijiji lenyewe, kabla hapajawa na cha kubishania.